Sauti ya Mkazi Isingoje "Mengineyo"



Msafiri atokaye Muheza kwenda Tanga kwa barabara kuu huingia Pongwe bila kuona mpaka wowote. Mihogo na minazi ni ile ile, reli ni ile ile, na watu wanaosimama kando ya barabara wakingoja gari husalimiana kama ndugu, maana wengi wao ni ndugu kweli. Lakini mpaka upo, nao ni mzito. Umechorwa katika sheria. Nyuma yake, katika vijiji vya Wilaya ya Muheza, mtu mzima ni mwanakijiji. Mbele yake, katika Kata ya Pongwe, mtu huyo huyo ni mkazi wa mtaa ndani ya Jiji la Tanga.

Tofauti hiyo si ya jina tu. Kijiji kinatawaliwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, na kwa sheria hiyo Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo yote ya sera ya kijiji. Mkutano huo hukutana kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji huchaguliwa nao na huweza kuondolewa nao. Tena kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Mwanakijiji akisimama na kusema "hapana", na wenzake wakamuunga mkono, hiyo "hapana" ina nguvu.

Mtaa hauna nguvu hizo. Mtaa una mwenyekiti wake aliyechaguliwa, una kamati yake, una mkutano wa wakazi wake, na una mtendaji anayelipwa na Halmashauri ya Jiji. Lakini mtaa si chombo kinachoweza kushitaki au kumiliki mali kwa jina lake kama kijiji, wala haugawi ardhi, wala hautungi sheria ndogo. Mambo makubwa hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako mkazi wa kawaida si mjumbe, kisha hupanda tena kwenye Baraza la Madiwani, ambako milango iko wazi kwa umma lakini mkazi huketi akasikiliza. Anayesema ni diwani.

Basi yafaa jambo hili lieleweke tangu mwanzo. Mwanakijiji akinyimwa nafasi ya kusema, bado anabaki na kura ya kukataa. Mkazi wa mtaa wa Pongwe hana kura hiyo. Silaha aliyo nayo baina ya uchaguzi mmoja na mwingine, yaani miaka mitano, ni mdomo wake katika mkutano wa mtaa. Akinyimwa huo, amenyimwa vyote.

Hapana afisa atakayesimama mbele ya watu na kutamka kwamba wananchi wasiseme. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 146, imeeleza wazi kwamba Serikali za Mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi, na kila mtumishi anayajua hayo. Mkazi hanyamazishwi kwa amri. Hunyamazishwa kwa ajenda.

Ajenda yenyewe kila mtu hapa ameiona, na wengi wameiandika kwa mkono wao wenyewe. Kufungua mkutano. Kusoma muhtasari wa mkutano uliopita. Yatokanayo. Taarifa ya mwenyekiti. Taarifa ya mtendaji. Salamu za wageni. Mengineyo. Kufunga. Mkutano ulioitwa saa nne huanza saa sita, kwa sababu saa nne ya kwenye tangazo na saa nne ya chini ya mwembe ni ndugu wasiofanana. Muhtasari ukisomwa neno kwa neno, nusu saa imekwisha. Taarifa zikisomwa, nayo saa nzima imekwisha. Mgeni mheshimiwa akipewa nafasi ya "kuwasalimia tu wananchi", salamu zake huwa ndefu kuliko taarifa zote mbili.

Sasa mathalani yupo mama mmoja aliyekaa juu ya mkeka tangu saa nne. Mfereji uliochimbwa kando ya barabara mwaka uliopita unamwaga maji ya masika ndani ya shamba lake la muhogo. Amekuja kwa ajili ya jambo hilo moja. Inapofika "Mengineyo" jua limekwisha pinduka, adhuhuri imeadhiniwa, wanaume wengi wameondoka, na mwenyekiti anasema kwa haraka: "Tupokee maswali mawili au matatu, muda umetutupa." Mikono mitatu iliyo mbele hupewa nafasi. Mama yuko nyuma. Mkutano unafungwa, na katika muhtasari inaandikwa kwamba wananchi walipokea taarifa na kuzikubali.

Na hata kama angepewa nafasi, angesema wakati gani? Angesema baada ya taarifa kupokewa, baada ya mradi wa mwaka ujao kutajwa na kupigiwa makofi, baada ya mgeni kuondoka na gari lake. Neno linalokuja baada ya uamuzi halina pa kukaa. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kama wakazi wanapewa nafasi ya kusema. La kuulizwa ni kwamba nafasi hiyo inakuja kabla ya uamuzi au baada yake.

Tabia hii haikuzaliwa jana. Katika pwani yote hii neno baraza lilikuwa, na bado ni, kile kiti cha mawe au cha udongo kilichojengwa mbele ya nyumba, kando ya mlango, ambapo mpita njia hukaribishwa akakaa, akapewa maji, akaulizwa habari, naye akasema. Baraza halikuwa na ajenda. Lakini neno hilo hilo likachukuliwa na watawala likageuzwa maana. Wajerumani waliweka maakida juu ya majumbe wa pwani, na kazi ya akida ilikuwa kukusanya kodi na kupeleka amri. Waingereza wakaja na Sheria ya mwaka 1926 iliyowafanya watemi, majumbe na wazee kuwa mkono wa serikali ya kikoloni. Watu wakaitwa barazani, wakakaa chini juani, bwana mkubwa akakaa kivulini akawaeleza kodi ya mwaka huo na mazao watakayolazimishwa kulima. Mtu akitoka hapo akiulizwa kulikuwa na nini, hujibu: "Tumetangaziwa."

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga hali ilikuwa mbaya zaidi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa kwanza Kikogwe karibu na Pangani, na baada ya miaka michache nchi yote kutoka pwani hadi Korogwe ilikuwa mistari ya mkonge. Maelfu waliletwa kutoka mikoa ya mbali kuja kuukata, na tangu mwaka 1944 lilikuwapo shirika la waajiri, SILABU, la kuwaandikisha na kuwasafirisha. Manamba hao waliishi makambini. Mbele yao alikuwapo msimamizi, juu ya msimamizi meneja, na kati ya hao hapakuwa na mkutano wa kuuliza jambo. Wafanyakazi walipotaka kusikika iliwabidi wagome, kama walivyogoma Mazinde mwaka 1958.

Baada ya Uhuru utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na hilo lilikuwa jema. Lakini mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zenyewe za wilaya na miji zilivunjwa, na kazi zake zikawekwa mikononi mwa maafisa waliotumwa kutoka wizarani. Nia ilikuwa kuleta serikali karibu na wananchi. Iliyokaribia ni ofisi. Sauti ya mwananchi ilibaki mbali. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikiri hadharani kwamba kama angeanza upya, mambo mawili asingeyafanya: kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Miaka miwili kabla ya hapo sheria za kuzirudisha serikali hizo zilikuwa zimekwisha tungwa. Majengo yalirudi, mihuri ikarudi, madiwani wakarudi. Desturi ya kutangaziwa haikuondoka.

Wako watumishi watakaosema, na hawasemi uongo, kwamba wananchi wenyewe hawaji mikutanoni. Akidi haitimii. Mbiu inapigwa, matangazo yanabandikwa kwenye mti na kwenye ukuta wa duka, na bado wanaokuja ni wale wale wazee kumi na watano na vijana wachache wasio na kazi siku hiyo. Hoja hiyo ina kichwa chake na mkia wake, na aghalabu hushikwa mkia. Mkulima anayeacha palizi wakati wa masika ili kwenda kusikiliza taarifa ambayo hawezi kuibadilisha, amepoteza siku. Atakwenda mara ya kwanza, atakwenda mara ya pili, ya tatu atachukua jembe. Kukosekana kwa akidi ni jawabu la wakazi kwa mikutano ya namna hiyo. Ni jawabu la kimya, lakini ni jawabu.

Wengine huogopa kelele. Husema kwamba ukiwafungulia watu mdomo, mkutano utageuka uwanja wa magomvi ya mipaka ya mashamba, ya mbuzi wa fulani, ya nani alimtukana nani msibani. Hofu hiyo ina dawa yake na imekwisha wekwa na sheria. Magomvi ya mtu na mtu yana Baraza la Kata, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake katika mashauri ya ardhi ni kusuluhisha. Mwenyekiti mwenye kujua kazi yake humwambia msemaji kwa upole: "Baba, hilo lipeleke barazani, hapa tuambie la mtaa." Na msemaji mrefu hupewa muda, kama anavyopaswa kupewa mgeni mheshimiwa. Kelele za watu wanaosikilizwa hupungua kila mkutano. Za watu wasiosikilizwa huhama tu. Huenda kwenye vijiwe vya kahawa, na huko hazina mwenyekiti.

Lipo jambo la Pongwe lenyewe ambalo halina budi kusemwa wazi. Pongwe ni mahali pa watu mchanganyiko. Wapo Wadigo na Wabondei ambao makaburi ya babu zao yako hapo hapo. Wapo wajukuu wa manamba waliotoka Bara na Kusini, wakazaliana, wakazikana, na hawajui kwingine. Wapo walioletwa na kazi katika kiwanda cha saruji, ambacho kampuni yake iliundwa mwaka 1980, na wapo wanaohamia leo kwa sababu viwanja vya katikati ya mji vimekwisha. Katika mikutano hutokea mzee wa heshima akamkata kauli kijana kwa swali moja: "Wewe ni wa wapi?" Swali hilo ni la adabu barazani, kwenye maji na kahawa. Katika mkutano wa mtaa halina nafasi. Sheria haikusema mwenyeji. Imesema mkazi mwenye umri wa miaka 18. Aliyefika miaka miwili iliyopita na ambaye taka za mtaa mzima zinatupwa mbele ya mlango wake ana haki ya kusema sawa na yule ambaye babu yake alipanda mwembe unaokaliwa.

Na wanawake. Katika pwani mwanamke anajua kusema. Nyumbani, shambani, kwenye ngoma na kwenye vikundi vya kuweka na kukopa husema na akasikika. Mkutanoni hukaa nyuma, kwa heshima au kwa mazoea, na macho ya mwenyekiti huishia mstari wa tatu. Zaidi ya hayo, mikutano huitwa saa ambazo yeye yuko kisimani au jikoni. Hili halihitaji semina wala posho. Mwenyekiti anaweza kuanza kupokea maneno kutoka nyuma kuja mbele, na mtendaji anaweza kuuita mkutano saa tisa alasiri badala ya saa nne asubuhi, tena asiuweke Ijumaa wakati wa sala wala siku ya gulio.

Isidhaniwe kwamba haya ni ndoto. Nchi hii imekwisha jaribu njia nyingine na ikaona matunda yake. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000, ulipofika kwenye kazi ya kuzitambua kaya maskini za kupewa ruzuku, haukuwaachia maafisa peke yao. Majina husomwa katika mkutano wa wakazi. Jirani husimama akasema: "Huyu ana mwana Dar es Salaam anayemletea fedha," au "Yule kikongwe wa bondeni mmemsahau." Makosa yametokea na malalamiko yamekuwapo, maana upendeleo hauna likizo. Lakini hakuna daftari la ofisini linaloweza kujua nani alilala bila kula kama anavyojua jirani anayeuona moshi wa jiko lake, au asiouona. Ikiwa wakazi waweza kuaminiwa kusema nani ni maskini, yawezekanaje wasiaminiwe kusema kalavati lijengwe wapi?

Ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa chache kutoka Tanga, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyatwika mabaraza ya kaunti wajibu wa kuwashirikisha wananchi katika kazi zao. Kaunti ya Kiambu ilipotunga sheria yake ya fedha ya mwaka 2013, yenye kodi na ada za kila namna, wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaibatilisha kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Tangazo dogo lililotolewa halikutosha; mahakama ilitaka watu wasikilizwe kwa kweli. Huko Brazil, mji wa Porto Alegre ulianza mwaka 1989 kuwaita wakazi wa kila mtaa waseme sehemu ya fedha za maendeleo itumike wapi, na maji na mifereji ya mitaa ya maskini ikapanda juu ya orodha. Kila nchi ina njia zake, na si lazima Tanga iige Brazil. Yatosha kuona kwamba wakazi wa mji wakiulizwa kabla ya fedha kutumika, hujibu mambo yenye akili.

Kwa walimu liko jambo la karibu zaidi. Tangu Januari 2016 elimumsingi hutolewa bila ada, lakini madarasa, vyoo na nyumba za walimu bado hujengwa kwa nguvu za wananchi pamoja na fedha za serikali. Mwalimu mkuu anayekwenda mkutanoni kutangaza kiasi cha mchango hupata manung'uniko na nusu ya fedha. Akitangulia kuuliza, "Darasa la tatu wanakaa chini, tufanyeje?", huenda akaambiwa fulani ana lori, kikundi cha vijana kitafyatua matofali, na kina mama watachota maji. Huenda pia akaambiwa: "Kwanza tusomee zile za mwaka jana zilitumikaje." Hapo ndipo ujasiri wa mwalimu hupimwa. Swali hilo si matusi. Ni haki ya aliyetoa, na mwenye stakabadhi zake mkononi hana sababu ya kuliogopa.

Mwalimu mara nyingi ndiye anayeombwa kushika kalamu pale mtendaji asipokuwapo, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Kalamu hiyo ina mamlaka makubwa kuliko inavyodhaniwa. Muhtasari unaosema "wananchi walichangia mawazo mbalimbali" umewafuta watu wote waliosimama. Muhtasari unaosema kwamba mkazi mmoja wa bondeni alieleza kuwa mfereji unamwaga maji shambani, kwamba mtendaji aliahidi kumpelekea mhandisi wa Jiji habari hiyo, na kwamba jawabu litasomwa mkutano ujao, umemfanya mkazi huyo awe ndani ya kazi za serikali. Mkutano ujao ukifika kwenye "Yatokanayo", hakuna wa kumkwepa. Kamati ya Maendeleo ya Kata itaona karatasi hiyo. Diwani atakuwa na kitu cha kusema mbele ya Baraza zaidi ya maoni yake mwenyewe, na mhandisi atalazimika kuandika jibu, hata kama jibu ni kwamba fedha hazipo mwaka huu.

Kwa upande wa Jiji, liko la ardhi, ambalo kwa Pongwe ndilo zito kuliko yote. Mji unakua kuelekea huko. Mashamba ya mkonge na ya mihogo yanapimwa viwanja, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wenye ardhi waitwe na kusikilizwa kabla mpango haujapitishwa. Kusikilizwa huko kusifanywe kwa kubandika ramani ukutani kwa maofisa, ramani ya rangi nne ambayo hata msomi huizungusha mara mbili kabla ya kujua kaskazini. Ramani iletwe mwembeni. Mpimaji asimame aoneshe kwa kidole: hapa ni kwa fulani, hapa itapita barabara, hapa patakuwa soko, na fidia itahesabiwa hivi. Kisha akae, na wakazi waseme kabla vigingi havijapigwa. Kigingi kikiisha pigwa, kila neno la mkazi linakuwa shauri la mahakamani, na mahakamani maskini huchelewa kufika.

Katika mtaa wowote wa Pongwe mkutano ujao utaitwa kwa karatasi moja. Karatasi hiyo itaandikwa na mtendaji, pengine usiku, pengine kwa kunakili ile ya mara iliyopita na kubadili tarehe. Asiinakili. Baada ya kufungua na kuthibitisha muhtasari aandike "Maneno ya wakazi", saa nzima, kisha ndipo zifuate taarifa, yake mwenyewe ikiwamo; na salamu za wageni azishushe mpaka mahali pale ambapo kwa miaka mingi amekuwa akimweka yule mama wa mfereji.